Fundi Mkuu na Gari la Bwana Mpimaji

Fundi Mkuu wa yadi yetu hakupanda gari. Kwa miaka kumi na moja niliyofanya kazi chini yake pale Sumbawanga sikumwona hata mara moja amekaa ndani ya gari linalokwenda. Alitoka nyumbani kwake Katandala kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, katika mvua au katika ile baridi ya mwezi wa sita inayokata masikio, na malori aliyoyafufua kwa mikono yake yakampita njiani na kumwachia vumbi. Madereva walisimama wakamwita apande, kwa kuwa walikuwa wanakwenda njia moja. Alipunga mkono tu. Nilipomuuliza sababu alinieleza kwamba mtu akishakaa ndani ya gari husikia mambo mawili, injini na raha yake mwenyewe, na raha ina sauti kubwa zaidi. Akitaka kujua hali ya lori alimwamuru dereva alipandishe kilima, naye akasimama kando ya barabara amefumba macho, akilisikiliza likija na likiondoka.

Yadi ilikuwa mali ya familia moja ya Kiislamu yenye duka mjini na malori saba ya kubeba mahindi na ulezi. Mimi nilikuwa mtunza stoo, na watu waliniita Bwana Stoo. Niliacha shule darasa la nne. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kutoka vitabu vya injini vilivyokuja ndani ya masanduku ya vipuri, kwa msaada wa kamusi iliyokosa jalada. Fundi hakujua kusoma, kwa hiyo saa ya chakula nilimsomea vitabu hivyo na kumfasiria. Alisikiliza akiwa ameweka bakuli la uji wa ulezi juu ya goti. Mara nyingi alikubaliana na kitabu. Asipokubaliana hakukasirika; alisema kitabu kinasema kweli kwa nchi kiliyoandikiwa, na kuniomba niendelee.

Hakugusa injini kabla ya kuuliza. Dereva alipoleta gari bovu, Fundi alisimama mbele yake mikono nyuma na kumhoji kama daktari: ilianza lini, ilikuwa mlimani au tambarare, injini ilikuwa baridi au moto. Dereva akianza kueleza anachodhani, alikatizwa. Hakutaka dhana ya mtu yeyote, ikiwamo yake. Vilevile yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu swali lile lile na hakuongeza neno. Mwenye yadi akimuuliza kama lori litaondoka kesho, alisema litaondoka. Kama halitafika, hilo lilikuwa swali jingine, na mwenye yadi alijifunza kuliuliza.

Watu walimwona mkali, na alikuwa mkali, lakini alijua kuchekesha bila kucheka. Kijana aliyeng'arisha lori lake nje na kusahau oili ndani, Fundi alimwita Bwana Harusi.

"Bwana Harusi, umeoga vizuri," alimwambia mmoja wao mbele ya yadi nzima, "lakini bibi harusi hajala tangu Jumanne."

Kijana yule aliitwa Bwana Harusi mpaka alipooa kweli.

Fundi alikuwa Mwislamu asiyekosa sala, na siku za Ijumaa kanzu yake haikuwa na doa hata moja, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje mtu mwenye mikono ile. Lakini aliijua kalenda ya Wakatoliki kuliko Wakatoliki wenyewe. Alijua siku ya mtakatifu gani malori ya kwenda misheni ya Kaengesa yangejaa watu, na wiki moja kabla alikuwa amekwisha kuyakagua breki.

Sasa niseme habari ya vitambaa, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Mke wake alikuwa mtu wa Milepa, chini bondeni, ambako siku zile wazee wachache walikuwa bado wanafuma nguo kwa pamba ya mashamba yao. Ni nguo nzito, ya nyuzi nene zilizosokotwa kwa mkono. Kila mwaka mke wake aliporudi kusalimia wazazi alileta vipande, na Fundi alivifua, akavianika, akavikunja na kunikabidhi niviweke stoo. Kazi ya vipande hivyo ilikuwa kuchuja oili. Madebe yalifika kwetu yakiwa yamesafiri siku nyingi barabarani, yenye kutu mdomoni na vumbi kila mahali, kwa hiyo Fundi aliweka sharti kwamba oili yoyote, hata mpya, isiingie ndani ya injini kabla ya kupita kwenye kitambaa cha bondeni. Mafundi wa miji mingine waliokuja kututembelea waliusifu utaratibu huo. Mimi niliwafundisha vijana. Malori yetu yalidumu, nasi tuliamini tunajua kwa nini.

Kisha likaja gari la Bwana Mpimaji.

Huyu alikuwa Mwingereza wa kupima ardhi, aliyeletwa Ufipa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Alikuja na gari dogo la wazi, la viti viwili, la kijani, lililokaa chini kiasi kwamba mbuzi angeweza kuliruka. Alisema kwao aliliendesha katika mashindano. Hapa hapakuwa na barabara ya kulifaa, kwa hiyo Jumapili alilipeleka kwenye kiwanja cha ndege na kulikimbiza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na nusu ya Katandala ilikwenda kutazama. Fundi alikwenda pia. Alisimama mbali na watu, amefumba macho. Aliporudi aliniambia injini ile inazunguka mara mbili ya injini za malori yetu, na kwamba hajawahi kusikia kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu namna ile. Nilimwona ana furaha ya mtoto.

Dereva wa Bwana Mpimaji alikuwa Mfipa wa Kaengesa, mtu mtaratibu mwenye mke na watoto watatu. Aliendesha gari la kazi, na lile dogo alilitunza: kulifuta, kulijaza petroli, kulileta kwetu kubadilisha oili. Bwana Mpimaji aliagiza oili yake kutoka pwani, debe moja moja, wala hakuruhusu nyingine itumike.

Wiki moja baada ya oili kubadilishwa, gari lilikokotwa mpaka yadini kwa kamba. Bwana Mpimaji alikuwa mwekundu wa hasira. Alisema geji ya presha ya oili ilianguka hadi sifuri akiwa kasi kiwanjani, ikapanda alipopunguza, ikaanguka tena, na mwishowe injini ikaanza kugonga. Alikuwa ameshaamua sababu. Dereva ameuza oili nzuri na kujaza ile chakavu. Alimpa Fundi hadi Ijumaa aifungue injini na kumthibitishia, kwa kuwa Jumamosi angempeleka dereva mbele ya Bwana Shauri, Mwingereza aliyeamua kesi bomani, kwa wizi. Dereva alisimama pale pale akiyasikia hayo. Alimwambia Fundi kitu kimoja tu, kwa Kifipa, nami nilikisikia: kwamba yeye hana wa kumsemea ila injini.

Nieleze jinsi Fundi alivyofanya kazi ile, maana sijaona kazi safi kuliko ile maishani mwangu.

Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imefika kwenye alama. Alichukua tone akalisugua kati ya vidole, akalinusa: halikuwa na petroli, wala halikuwa na weupe wa maji. Akaniambia niandike. Halafu akaishuku geji yenyewe, kwa sababu geji nayo ni mashine na hufa. Alifungua kile kibomba chembamba kinachoipelekea oili, akafunga geji ya lori, akamwambia dereva awashe kidogo. Geji zote mbili zilisema jambo moja. Niandike. Akafungua valvu inayoachia presha ikizidi, akaitazama springi yake juani, akaipima kwa ile mpya niliyokuwa nayo. Ilikuwa nzima.

Hapo ndipo alipokaa juu ya debe tupu na kunieleza, polepole, kama anayeogopa kuamsha mtu. Beringi zikilika, alisema, presha hulala gari likiwa taratibu na huamka likikimbia. Hili linafanya kinyume. Lina presha likitembea na linaikosa likikimbia. Maana yake pampu ni nzima na ina njaa. Inataka kunywa zaidi na haipati. Kitu kimeziba mdomo wake.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Alinituma niwaondoe vijana waende kula. Tukabaki wawili chini ya gari, tukafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikashuka kwenye beseni, safi, ya rangi ya asali. Hakuna jicho lingeweza kuiita chakavu. Fundi akapitisha mkono mpaka kwenye chujio la pampu, akalifungua na kulitoa kwenye mwanga.

Lilikuwa limevikwa nyuzi. Lilikuwa na matundu madogo kuliko ya chujio la lori lolote, na juu ya matundu hayo nyuzi za pamba zilikuwa zimejipanga na kushikamana kama unyoya wa kifaranga aliyelowa. Fundi alizivuta kwa kucha. Zilikuwa nene, zilizosokotwa kwa mkono. Hatukuhitaji kuambizana. Kila tone la oili lililoingia ndani ya gari lile lilipitia kitambaa chake cha Milepa. Malori yetu yalikuwa yanazimeza nyuzi hizo miaka yote, kwa kuwa machujio yake ni mapana na injini zake ni za taratibu. Hii haikuweza.

Nakiri kwamba kwa kiasi fulani nilifurahi. Dereva alikuwa ameokoka. Nikamwambia Fundi niende nikawaite. Akasema nisubiri.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nitasema mwenyewe."

Nilimwamini. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia neno nikalikuta si kweli. Ijumaa nilisubiri. Alifunga injini, akavaa kanzu, akaenda kusali, akarudi, akamwambia Bwana Mpimaji kwamba amekuta chujio limezibwa na nyuzi na beringi moja imeungua. Bwana Mpimaji hakuuliza nyuzi za nini. Nilijiambia Fundi anangoja pahali panapostahili, mbele ya Bwana Shauri, ambapo neno lake lingeandikwa.

Jumamosi tulikwenda bomani. Dereva alisema aliyoyafanya: alileta debe, oili ikamiminwa yadini, akarudi. Kisha akaitwa Fundi. Aliulizwa kwa Kiingereza na mkalimani akageuza. Niliyakariri maswali yale siku ile ile, na bado ninayo.

"Wewe ndiye uliyemimina oili aliyoileta mtu huyu?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulipokuwa unamimina, debe lilikuwa limefungwa au limefunguliwa?"

"Lilikuwa limefunguliwa."

"Ndani ya injini ulikuta nini?"

"Nyuzi za pamba. Zimeziba chujio."

"Mshtakiwa hutumia matambara katika kazi yake?"

"Hutumia. Hulifuta gari kila siku."

Debe lilikuwa limefunguliwa kwa sababu yeye mwenyewe Fundi ndiye aliyekuwa amelifungua, kwa patasi, mbele yangu. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikingoja aseme hivyo. Nilingoja swali ambalo lingemlazimisha. Halikuja. Bwana Shauri alimgeukia dereva na kumuuliza kama ana la kumuuliza shahidi.

Dereva alimtazama Fundi, akatikisa kichwa.

"Sina, bwana," alisema. "Fundi hasemi uongo."

Bwana Shauri aliona debe lililofunguliwa na nyuzi za tambara vinatosha kuonyesha kwamba oili nzuri iliuzwa na nyingine ikajazwa; dereva alifungwa miezi minane na leseni yake ikachukuliwa.

Nilitoka nje. Nilimfuata Fundi njiani mpaka nilipomfikia, nikamwambia amemfunga mtu. Hakusimama. Aliniuliza kwa sauti yake ya kila siku, "Nimesema uongo gani?" Nilitembea naye karibu nusu ya njia ya kwenda Katandala nikiutafuta uongo huo, jibu moja baada ya jingine, na sikuupata. Hilo ndilo lililonitisha. Ningekuwa nimemkamata katika uongo ningejua namna ya kumchukia.

Nami sikurudi bomani. Sababu nilizojipa ni nyingi na nilizipanga vizuri: kwamba ni mkubwa wangu, kwamba alisema atasema mwenyewe, kwamba mtunza stoo hawezi kusimama dhidi ya Fundi Mkuu na akaaminiwa.

Jumatatu Fundi aliagiza wavu wa waya wa kuchujia na vitambaa havikutumika tena. Vijana walipouliza, aliwaambia vimekwisha. Stoo kulikuwa na vipande vinane. Huo ndio uongo wa kwanza niliomsikia akisema, na ulikuwa wa kitu kidogo namna hiyo.

Alibaki fundi bora Rukwa nzima. Aliendelea kuhoji madereva mikono nyuma, na watu waliendelea kuapa kwa neno lake. Mimi niliendelea kumsomea vitabu saa ya chakula. Hatukuizungumza habari ile kwa miaka mitano. Halafu siku moja aliaga, akasema macho yamechoka, na akaondoka. Wengine walisema yuko Milepa kwa wakwe zake.

Nilimwona Fundi tena Waingereza wakiwa bado wanatawala, ingawa watu walikuwa wameanza kuwahesabia siku. Nilikuwa nimepelekwa Kaengesa kutengeneza injini ya mashine ya kusaga. Jioni, nikipita kando ya mashamba, nilimwona mzee amefunga shuka kiunoni, anafunika majani kwa udongo kutengeneza yale matuta ya duara tunayolimia Ufipa. Alikuwa anakwenda kwa mstari ulionyooka kama uliopimwa. Niliujua mgongo ule kabla hajageuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatazama chini.

Mwenye shamba alitoka nyumbani akaja kunilaki. Alikuwa dereva yule.

Alinikaribisha kwa furaha, akamwita mkewe alete chakula, tukakaa watatu kuzunguka ugali wa ulezi na maharage. Aliniambia ameomba leseni mara mbili na mara mbili boma limemjibu kwamba aliyeiba oili ya mwajiri hawezi kukabidhiwa gari. Alisema watu wote wa mjini walimsahau, ila huyu mzee.

"Huu mwaka wa tatu anakuja kunilimia, Bwana Stoo," alisema. "Anatoka huko bondeni, anapandisha mlima kwa miguu. Sijui nilimfanyia wema gani."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa anatazama bakuli la maharage kana kwamba kuna kitu ndani yake cha kuhesabu. Nilimpa nafasi aseme yeye. Kisha nikasema mimi: debe, patasi, kitambaa, chujio. Nilieleza kwa mpangilio, na nilipomaliza hakuna aliyekuwa anakula.

Dereva aliuliza tulijua lini. Nikamwambia Alhamisi. Akageuka.

"Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli."

"Miaka mitatu unakula na wanangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mwanangu," Fundi alisema. "Kwanza niliogopa boma. Halafu nikakuogopa wewe."

"Usiniite mwanangu."

Alisimama, akaingia ndani, akarudi na daftari la shule la mtoto wake na kalamu, akaviweka mbele yangu. Alisema niandike kila neno, mzee atie dole, yeye atakwenda nalo bomani. Fundi alisema nami nikaandika. Hakungoja kuulizwa. Alisema debe lilikuja limefungwa, alilifungua yeye, akaichuja oili kwa nguo yake, na mtu huyu alikuwa akingoja nje hajagusa kitu. Wino wa dole hatukuwa nao. Mke wa dereva alikwangua masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta ya taa ndani ya kifuniko, na Fundi akachovya kidole chake na kukikandamiza kwenye karatasi, kwa uangalifu, mara moja.

Karatasi ile ndiyo iliyomrudishia leseni, kabla ya mavuno ya ulezi. Niliyapata hayo kwa watu wengine, maana Fundi na mimi hatukukaribishwa tena pale, na yeye Fundi sikumwona tena.

Lakini jioni ile dereva hakuichukua karatasi mara moja. Aliniambia nimsomee. Nikasoma yote. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba Fundi alijua tangu Alhamisi, akanisimamisha, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Alikuwa peke yake?" aliuliza.

Nikashika kalamu tena.

"Andika jina lako hapo."

Nikaliandika, nikaongeza kwamba nami nilijua, nikamwambia nitatia sahihi, kwa kuwa mimi najua kuandika. Akakisogeza kifuniko cha masizi mpaka kikagusa mkono wangu.

"Tia dole," alisema.